Asiyeona na Asiyesikia: Uzee, Hisi na Ukiwa katika Kiswahili, kwa Mtazamo wa Lodwar na Kakuma

1. Utangulizi

Mzee ana kiti chake cha heshima katika fasihi ya Kiswahili. Ndiye mtunza methali, ndiye msimulizi wa ngano, ndiye shahidi wa vita na njaa zilizopita. Wahakiki wamemtazama sana katika kazi hizo, na wamefanya haki. Lakini ni nadra kukuta uhakiki unaomwuliza mzee huyo habari zake mwenyewe: macho yake yaona kwa kiasi gani, masikio yake yapokea nini, na moyo wake uko katika hali gani tangu milango hiyo miwili ianze kufungwa.

Makala haya yanakusudia kulijadili swali hilo. Yatatazama kwanza hali ya wazee katika Lodwar na Kakuma, kisha maneno ambayo Kiswahili hutumia kwa kuona, kusikia na uzee, na mwishowe maandishi machache yanayofahamika kwa kila mwalimu wa somo hili. Hoja itakayotetewa ni kwamba Kiswahili kimemjenga mzee juu ya kuona na kusikia hata, apotewapo na hisi hizo, lugha na fasihi hubakiwa na njia mbili tu za kumwelezea: kumpandisha awe mwaguzi, au kumshusha awe mtu aliyepiswa. Kati ya vyeo hivyo viwili hupotea mtu mwenye huzuni, ambaye pengine angaliweza kusaidiwa.

2. Hali ya Mambo Lodwar na Kakuma

Kaunti ya Turkana ilikuwa na watu 926,976 katika hesabu ya mwaka 2019. Lodwar, makao makuu ya kaunti, uko kando ya mto Turkwel. Kakuma iko kaskazini-magharibi yake, kiasi cha kilomita 120. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992, walipofika vijana waliovikimbia vita vya Sudan, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa mwaka 2016. Kambini na Kalobeyei leo wanaishi zaidi ya watu 200,000 waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko.

Turkana ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambako trakoma imekuwa ugonjwa wa kudumu. Bakteria wake hupita kwa mikono, kwa vitambaa na kwa nzi. Mtoto huambukizwa mara nyingi, na kila mara kovu huongezeka upande wa ndani wa kifuniko cha jicho. Miaka ipitapo kifuniko hujikunja, kope zikaelekea ndani na kukikwaruza kioo cha jicho kila mtu apepesapo. Ndiyo maana ugonjwa wa utotoni huja kupofusha ukubwani na uzeeni, na wanawake huumia zaidi kwa kuwa wao ndio walezi wa watoto wanaoambukizwa. Mpango wa Shirika la Afya Duniani una nguzo nne: upasuaji, dawa, usafi wa uso, na mazingira yenye maji na vyoo. Haihitaji maelezo mengi kuona kwamba nguzo ya tatu na ya nne ni ngumu kusimama katika nchi kavu, ambako mama huchimba maji katika mchanga wa mto uliokauka. Juu ya trakoma huja mtoto wa jicho, pamoja na kupungua kwa kusikia, ambako huwapata wazee wa nchi zote.

Hasara ya hisi hizo haina uzito mmoja kila mahali. Kwa mfugaji jicho ni chombo cha kazi: hulijua kundi kwa rangi na pembe za kila mnyama, husoma nyayo, husoma mawingu. Mturkana aliyepofuka amepotewa na ujuzi aliouchuma kwa miaka hamsini, kwa kuwa ujuzi huo ulikaa machoni. Sikio nalo ni cheo. Wazee wa Kiturkana hukutana chini ya Mti wa Wanaume, na hapo mambo ya malisho, mahari na amani huamuliwa kwa maneno. Mzee asiyesikia aweza kuendelea kuketi chini ya mti huo hata kufa kwake, na asiwe tena mmoja wa waamuzi. Hapana aliyemfukuza. Maneno humpita tu.

Katika kambi ya Kakuma mzigo huo una sura nyingine. Mkimbizi mzee amezungukwa na lugha asizozijua, na sikio lililopungua hushindwa kwanza na lugha ya kigeni kabla halijashindwa na lugha ya mama. Hivyo uziwi wake huhesabiwa kuwa ni ugeni, na ugeni wake huhesabiwa kuwa ni uziwi. Hakuna atambuaye ni lini kimoja kilikoma na kingine kikaanza.

Wataalamu wa tiba hawana shaka leo kwamba mambo haya yanafungamana na afya ya akili. Wazee wanaopotewa na kuona au kusikia huelemewa na sonona zaidi ya wenzao. Jopo lililoundwa na jarida la Lancet lilikutaja kupungua kwa kusikia, mwaka 2017, miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kupotewa na akili uzeeni, na mwaka 2024 likaongeza kupungua kwa kuona kusikotibiwa. Sayansi, basi, imefika. Swali la makala haya ni kama lugha nayo imefika.

3. Kuona na Kusikia katika Lugha

Kiswahili huziita hisi tano milango ya fahamu. Istilahi hii ni nzuri, lakini ina mtego. Mlango ukifungwa, msikilizaji huelekea kudhani kwamba na fahamu imetoka. Mzee asiyejibu kwa sababu hakusikia huhesabiwa kuwa hakufahamu. Na baada ya kuhesabiwa hivyo mara nyingi, watu huacha kumwuliza.

Kitenzi kusikia ndicho kinachobeba mzigo mzito zaidi. Mswahili husikia sauti, lakini pia husikia harufu, husikia njaa, husikia baridi, husikia uchungu. Katika Kiswahili cha bara mtu husikia lugha, yaani huielewa. Tena kusikia ni kutii: mtoto asiyesikia ni mtoto mkaidi. Kitenzi kuona nacho kina tabia hiyo hiyo. Mtu huona kitu, na vilevile huona haya, huona wivu, huona uchungu, huona upweke. Hisia za moyoni, kwa sehemu kubwa, husemwa katika Kiswahili kwa kukopa vitenzi vya macho na masikio.

Jambo hili lina matokeo mawili. La kwanza ni kwamba tungo "mzee hasikii" lina maana tatu kwa pamoja: masikio yake ni mazito, haelewi, au hataki. Mwenye kuitamka hana haja ya kuchagua, na mara nyingi hachagui; kwa hiyo uziwi hupokewa nyumbani kama ukaidi, na hujibiwa kwa ukali. La pili ni kwamba swali la kawaida la mganga wa siku hizi, "Unajisikiaje?", humtaka mgonjwa asiyesikia ajisikie. Kwa msemaji mzawa hakuna tatizo, kwani kitenzi kimekwisha kuzoeleka. Lakini swali hilo likipita kwa mkalimani kijana kwenda Kiturkana, lugha ya Kinailoti isiyo na undugu na Kibantu, laweza kumfika mzee likiwa swali juu ya masikio yake. Naye atajibu juu ya masikio yake, na mganga ataandika kwamba hana huzuni.

Istilahi za maradhi nazo zafaa kuangaliwa. Tanzania imeipa trakoma jina vikope, neno linalomwonyesha mgonjwa mahali panapouma. Kenya hulitumia zaidi neno la kigeni lililoswahilishwa. Mtoto wa jicho ni jina la zamani lisilohitaji kufafanuliwa. Kwa upande wa moyo, neno sonona limetokana na kitenzi ambacho kila mtu alikuwa nacho, kusononeka, na kwa sababu hiyo lina nafasi ya kuishi. Msongo wa mawazo, unaotumika sana katika redio na magazeti, umekuwa jina la kila kitu, tangu deni hadi msiba, na umechoka kabla ya kukomaa.

Linalostaajabisha ni kwamba neno linaloifaa zaidi hali ya mzee asiyeona na asiyesikia limekuwapo siku zote, nalo ni ukiwa. Mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake, na ukiwa ni hali ya mahali palipohamwa pamoja na hali ya moyo wa aliyebaki. Neno hili halimwambii mtu kwamba ni mgonjwa wala kwamba ni mwenda wazimu. Lamwambia kwamba ameachwa, na kwamba kuna waliomwacha. Hapo hapo laonyesha tiba ianzie wapi.

4. Methali na Ngeli

Methali zetu humpa mzee fasili iliyo wazi. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika ya kwanza mzee ni mtu aliyeona. Katika ya pili ni mtu wa kusikilizwa. Fasili hii ni ya heshima, lakini haikumwekea akiba mzee ambaye haoni tena na ambaye, kwa kuwa hasikii wenzake, hunena yasiyohusu mazungumzo, hata watu wakaacha kumsikiliza. Kwake imebaki methali nyingine, nayo ni katili: sikio la kufa halisikii dawa. Ni kweli kwamba methali hii hulengwa kwa mkaidi wala si kwa kiziwi. Hata hivyo taswira yake imejengwa juu ya sikio, nayo huunganisha uziwi na mauti bila kuona aibu.

Wako wanaoishitaki ngeli ya KI-VI kwa makosa hayo hayo. Wanataja kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kichaa, kibogoyo, na kikongwe mwenyewe, kisha wanasema kwamba Kiswahili kimewaweka wazee na walemavu katika ngeli ya vitu. Hoja hii huvutia, lakini haifai kupokewa nzima. Kiongozi yumo humo humo, na kijana, na kinyozi, na kipenzi. Tena upatanisho wa kisarufi huwarudishia wote utu wao: kipofu amekuja, vikongwe wamekaa. Kosa haliko katika kiambishi. Lililo la kweli katika shitaka hilo ni dogo zaidi, nalo ni zito zaidi: kila moja la majina hayo humtaja mtu kwa hitilafu moja na kunyamaza juu ya mengine yote. Maneno mapya, kama asiyeona na mwenye ulemavu wa macho, yamejaribu kulisahihisha jambo hilo. Lakini kubadili jina bila kubadili swali linaloulizwa ni kazi nusu. Mzee wa Lodwar akiitwa mwenye ulemavu wa macho, na bado asiulizwe usiku wake unapitaje, hakupata kitu.

5. Mzee katika Maandishi

Tukio la kwanza la kukumbukwa limo katika Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mama mgonjwa anamwita binti yake aketi karibu, mwenye wino na karatasi, ili ayapokee mawaidha. Wahakiki wengi wameujadili utenzi huu kwa habari ya mke na mume. Inafaa usomwe pia kama picha ya ukaribu kati ya mwili unaoshindwa na sikio changa linalosogezwa. Ugonjwa wa mama haukumnyang'anya usemi; ulimpa msikilizaji. Hata hivyo mazungumzo yale yana njia moja. Binti amekuja kuyaandika mawaidha, na hali ya mama yenyewe inapitwa upesi.

Katika Utenzi wa Ayubu mateso ya mwili ndiyo kiini, na jibu lake ni subira. Jibu hilo ni la imani na lina haki yake. Wengi wamelishika katika msiba wakaokoka nalo. Ubaya huja pale jamii inapoifanya subira kuwa kazi ya mgonjwa peke yake. Ayubu wa utenzi hurudishiwa afya, na kwa hiyo utenzi haukulazimika kuonyesha subira isiyo na mwisho inakuwaje. Ajuza aliyepofuka kwa trakoma, ambaye kovu la jicho lake haliondoki tena, yumo katika sehemu ambayo utenzi haukuifikia.

Samuel Mushi alipoutafsiri mchezo wa Sofokle kwa jina la Mfalme Edipode mwaka 1971, Kiswahili kilipokea kipofu maarufu kuliko wote, Tiresias, mzee asiyeona ambaye peke yake anaiona kweli. Tangu hapo mwanafunzi wa tamthilia hukariri kwamba upofu wa macho ni uwezo wa kuona wa rohoni. Kama ishara, hapana la kukanusha. Kama desturi ya kusoma, ina madhara. Kila kipofu mzee atakayetokea jukwaani atadaiwa unabii, na asipotabiri ataonekana hana kazi. Hata Tiresias mwenyewe hufika akiongozwa na mtoto. Mtoto huyo hasemi neno, na wahakiki hawamtaji. Huko Turkana, kama kwingi katika Afrika, mtoto ashikaye ncha ya fimbo ya mzee ni mtu halisi mwenye masomo yanayompita.

Tukitazama maandishi ya miaka ya sabini, jambo moja hujitokeza. Maradhi ya nafsi yamepewa vijana wasomi. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ya Kezilahabi hufikia kujiua, na riwaya nzima imejengwa ili msomaji aelewe kwa nini. Kitaru wa Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein huugua ugonjwa usioonekana, na mchezo humtafutia mizizi yake katika historia ya Zanzibar. Katika mchezo huo huo yumo Bibi, nyanya yake Juma, ambaye ulimwengu wake ulianguka kwa Mapinduzi ya 1964. Wahakiki humwona Bibi kama tabaka lililoshindwa, na usomaji huo ni sahihi. Lakini mzigo wa Kitaru huitwa ugonjwa, na mzigo wa Bibi huitwa mawazo ya kale. Kijana hupewa nafsi, mzee hupewa historia. Mgawanyo huo haukufanywa na mwandishi mmoja. Umo katika mazoea ya usomaji wetu.

Jina la mchezo huo laleta jambo jingine. Mwaka 1760 Charles Bonnet wa Geneva alieleza habari za babu yake, mzee mwenye akili timamu aliyekuwa akipotewa na macho, ambaye aliona watu, ndege na majengo yasiyokuwapo, na akijua fika kwamba hayapo. Hali hiyo leo ina jina la Bonnet, na inafahamika kwamba huwapata wengi wanaopofuka. Ubongo ukikosa picha kutoka machoni hujitungia zake. Mzee wa aina hiyo aonapo mbuzi waliokwisha kufa wakipita mbele ya boma, ataambiwa nini? Nyumba moja itasema ni mashetani, nyingine itasema amepiswa, na huenda wengine wakamwita emuron, mwaguzi, wampeleke anakohitajika. Akiwa mwerevu atanyamaza, na woga wa kuitwa mwenda wazimu utaongezwa juu ya giza. Fasihi yenye mashetani mengi kama ya Kiswahili ingeweza kuwa ya kwanza kumwandika mzee huyu, anayeona yasiyokuwapo na ambaye si mgonjwa wa akili wala si nabii.

Mfano bora wa kuusema ukiwa wenyewe ulikwisha kuwekwa, na haukuwekwa juu ya mzee. Ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi anauita moyo wake mwenyewe na kuuonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na sauti, ambayo sasa yana giza na kimya. Husomwa kama mawaidha juu ya dunia ipitayo. Lakini giza na kimya ndivyo hasa vimfikavyo asiyeona na asiyesikia, na ufundi wa utenzi ni kwamba moyo haukuhukumiwa tu: ulizungumzwa nao.

6. Swali Linapopazwa

Yawezekana kusema kwamba fasihi si zahanati, na kwamba mhakiki hana deni kwa mganga. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama mganga angekuwa na lugha nyingine ya kutumia. Hana. Muuguzi wa Lodwar hutumia Kiswahili, na mjukuu aliyesoma hukigeuza kuwa Kiturkana. Muuguzi wa Kakuma humsikiliza mama wa Kivu kwa Kiswahili kinachofanana na chake na kutofautiana nacho. Mama akisema kwamba roho yamwuma, msikilizaji wa Kenya ataandika maumivu ya kifua au habari za dini, na kumbe roho hapo ni moyo wenye majonzi.

Mzee akiwa haoni na hasikii pia, swali hulazimika kupazwa. Na maswali yenyewe ni haya: Je, umekata tamaa? Je, umewahi kutaka kufa? Kiswahili kina adabu kubwa katika mambo ya namna hii. Husemwa kando, kwa sauti ya chini, na mtu wa rika. Kuyapaza mbele ya benchi lililojaa watu, kwa kinywa cha mjukuu, ni kumvunjia mzee heshima ambayo ndiyo iliyokuwa imembakia. Atajibu kwamba hajambo. Hajambo ni jibu la adabu, na adabu hiyo humficha.

Mfano mmoja wa Kiafrika waonyesha kwamba njia ipo. Nchini Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwatumia nyanya waliofunzwa, wakiketi na wagonjwa kwenye benchi. Neno waliloanzia lilikuwa la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, wala halikuwa istilahi ya hospitali. Wazee walifanywa wasikilizaji, na lugha yao ikafanywa chombo cha tiba. Kiswahili nacho kina kuwaza sana, kina kusononeka, kina ukiwa.

7. Hitimisho

Yaliyosemwa hapa yanaleta mapendekezo matatu. Kwanza, mhakiki anaposoma mhusika mzee aliyepofuka au kuwa kiziwi, aulize anaona nini moyoni mwake kabla ya kuuliza anawakilisha nini. Ishara haitaharibika kwa kungojea. Pili, wanaoandaa maswali ya afya ya akili kwa Kiswahili wayapime kwa watu wa Lodwar na Kakuma, wasiridhike na masikio ya mji mkuu, na waachane na vitenzi vya hisi pale mwulizwaji anapokosa hisi hizo. "Siku yako ilipitaje, na ulikaa na nani?" ni swali ambalo kiziwi na kipofu waweza kulijibu bila kukwazwa na kitenzi. Tatu, idara za lugha zikusanye maneno ya huzuni na uzee katika Kiturkana na katika Kiswahili cha wakimbizi wa Kongo na Burundi. Sarufi ya Kiturkana iliandikwa na Dimmendaal mwaka 1983. Msamiati wa majonzi ungali midomoni mwa wazee, na wazee hawangojei.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inawaahidi wazee kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao pamoja na Dola. Heshima ya mzee katika Kiswahili imekuwa siku zote ni kumsikiliza. Asipoweza kusikia, wajibu huo haukumwondokea yule anayesikia. Umeongezeka, kwa kuwa sasa inambidi asogee karibu.